Gari Linalozima Likingoja



Ndugu zetu wasomaji, na khasa mama na dada zetu, wiki hii tunaweka kando masuala ya twahara na mirathi ili tuzungumze juu ya injini ya gari. Atakayestaajabu asistaajabu sana. Katika mizozo ya nyumba inayoletwa kwetu tuisuluhishe, gari limekuwa mgeni asiyekosa. Na katika maradhi yote ya gari, lenye kuzua maneno zaidi ni hili moja. Gari likiwa njiani laenda vyema, halina taabu. Likifika kwenye foleni ya feri ya Likoni, au likinaswa kwenye msongamano wa Mtwapa, injini hutetemeka, mshale hushuka, kisha kimya. Dereva huwasha, huwaka. Akisimama tena, huzima tena.

Kuna nyumba moja, na tunaisimulia kwa idhini ya wenyewe bila kutaja mtaa, ambayo mume yuko Ghuba kikazi na mke ndiye mwenye kuendesha gari: asubuhi shule, alasiri madrasa, watoto watano nyuma. Gari lilipoanza kuzima likisimama, fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Halikupona. Wa pili akasema ni pampu ya mafuta, ikanunuliwa. Halikupona. Wa tatu akaunganisha mashine yake, akasoma, akasema ni sensa ya oksijeni. Ikanunuliwa nayo. Jumla ilipita shilingi 34,000, na gari likaendelea kuzima pale pale kwenye mzunguko wa barabara, lori likipiga honi nyuma. Mume akahesabu kwa mbali: spea tatu, na ugonjwa ule ule. Likamtoka neno ambalo mume hapaswi kumwambia mkewe, kwamba pesa huenda zinakwenda kwengine. Shauri hili lilifika kwetu likiwa na sura ya ndoa, nalo kiini chake kilikuwa kipande cha mpira.

Tuieleze injini kwanza, kwa kadiri itakayotosha.

Injini ya petroli hutaka vitu vichache: hewa, mafuta, cheche inayokuja kwa wakati wake, na mbano ndani ya silinda. Dereva anapokanyaga mafuta, kwa hakika anafungua mlango wa hewa, ule ambao mafundi huuita throto. Kompyuta ya gari hupima hewa iliyoingia, ikatoa mafuta yanayolingana nayo. Gari likisimama na mguu ukaondoka, mlango ule hufungika karibu wote. Injini hubaki ikipumua kwa tundu jembamba. Tuiite hali hiyo hali ya kungoja. Injini iliyopata joto hungoja kwa mizunguko kama 600 hadi 800 kwa dakika; ikiwa baridi asubuhi, kompyuta huipandisha zaidi ya hapo hadi ipate joto.

Sasa, kwa nini ugonjwa uonekane wakati wa kungoja tu? Kwa sababu hapo injini haina akiba. Ufa mdogo katika mpira, unaopitisha hewa isiyopimwa, barabarani si kitu, kwani hewa inayoingia kwa mlango mkubwa ni nyingi mno kuliko ya ufani. Likisimama, hewa ile ile ya ufani huwa ni sehemu kubwa ya pumzi yote. Kompyuta haijui habari zake, mafuta hayatoshi, injini hukohoa ikazima. Mwenye mshahara mkubwa haoni shilingi mia ikipotea. Mwenye kuishi kwa kibarua cha siku huiona.

Basi ugonjwa unaojitokeza wakati wa kungoja peke yake una jamaa zake wachache, na mwenye kuanza kutafuta aanze kwa hao. Wa kwanza ni uchafu wa throto. Mvuke wa mafuta ya injini na masizi huganda ukingoni mwa ule mlango na kuziba upenyo wa kungojea. Magari ya zamani kidogo yana pia vali ndogo ya kupitisha hewa ya kungoja, nayo hukwama kwa uchafu huo huo. Kuisafisha ni kazi ya chini ya saa moja na dawa ya chupa moja, na ajabu ni kwamba hufanywa mwisho, baada ya spea ghali kushindwa. Wa pili ni mipira ya hewa iliyopasuka au kuchomoka. Magari yetu mengi huteremshwa bandarini hapa Mombasa yakiwa yameshatumika Japani, kwa sharti yasizidi umri wa miaka 8, kisha sisi huyatumia miaka mingi juu ya hiyo katika joto hili. Mpira hukauka kama ngozi ya ngoma. Aghalabu hupasuka kwenye kona, upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki ila kwa kioo na tochi. Wa tatu ni sensa ya kupima hewa, ile iliyo karibu na filta, ikiingiwa na vumbi. Baada ya hao ndipo plagi na koili, na vali zinazorejesha mvuke na moshi ndani ya injini zikikwama wazi. Na sisi wa pwani tuongeze viunganishi vya nyaya, kwani hewa ya chumvi huvila taratibu kwa kutu ya kijani.

Fundi hawezi kuyajua haya kwa kutazama boneti. Huyajua kwa kuuliza, na mwenye majibu ni yule anayeendesha. Hapa tuna neno na waume zetu. Mara nyingi gari hupelekwa gereji na mume, au ndugu wa mke, au kijana wa jirani, naye hueleza ugonjwa ambao hakuuona kwa macho yake. Mke aliyekuwa nyuma ya usukani hubaki nyumbani. Huku ni kumwacha shahidi na kumsikiliza msimulizi. Mama na aende mwenyewe, au aandike kwenye karatasi, na ayataje haya bila kuona haya.

Je, lilizima likiwa baridi au baada ya kupata moto? Likizima asubuhi kisha likatulia lipatapo joto, throto chafu ni mshukiwa wa kwanza, au sensa inayopima joto la maji ya injini. Likizima likiwa moto, hata katikati ya mwendo, likagoma kuwaka mpaka lipoe nusu saa, hiyo ni habari nyengine kabisa, na huenda ni sensa inayohesabu mizunguko ya injini. Je, huzima kiyoyozi kikiwashwa, au usukani ukikatwa hadi mwisho, au gia ikitolewa kwenye kuegesha na kutiwa kwenye kwenda? Vyote hivyo ni mizigo inayoongezwa ghafla juu ya injini isiyo na akiba. Je, huzima mara tu baada ya kujaza tangi? Basi itazamwe vali ya mvuke wa mafuta kabla ya kulaumiwa kituo cha petroli. Je, lilianza siku ile ile lilipotiwa betri mpya au kusafishwa throto? Huenda hakuna kilichoharibika. Kompyuta imesahau kipimo chake cha kungoja, na inahitaji kufundishwa upya kwa utaratibu ambao kila gari lina wake. Na je, injini hushuka au kuzima ukikanyaga breki, ukasikia mfyonzo wa hewa miguuni na pedali ikawa ngumu? Hilo lisingojewe hata siku moja. Chombo cha kusaidia breki hutumia uvutaji wa hewa wa injini, na kikitoboka, gari hupungukiwa na injini na breki kwa pamoja.

Katika nyumba ile tuliyoitaja, dada alikuwa na majibu yote, ila hakuulizwa. Gari halikudhoofika hata mara moja likipanda mwinuko wala likilipita lori. Pampu dhaifu ingejionyesha huko kwanza, injini inapotaka mafuta mengi, si kwenye foleni inapotaka kidogo. Dalili hiyo peke yake ingeiokoa pampu.

Ama ile mashine ya kusoma kompyuta, watu wetu wanaidhania kuwa ni kadhi. Wanasema, mashine imesema sensa, basi ni sensa. Mashine haisemi hivyo. Hutoa namba. Namba P0171, kwa mfano, maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta katika upande wa kwanza wa injini. Haisemi hewa imeingilia wapi, wala haisemi sensa ya oksijeni ni mbovu. Aghalabu sensa hiyo ndiyo iliyoiona kasoro na kuitolea taarifa. Fundi wa tatu alimfukuza shahidi aliyesema kweli, akaleta mwengine mpya, naye akatoa ushahidi ule ule.

Fundi mzoefu haishii kwenye namba. Mashine hiyo hiyo huonyesha kompyuta inaongeza mafuta kiasi gani ili kusawazisha mchanganyiko. Katika magari yanayopima hewa kwa sensa iliyo karibu na filta, nyongeza ikiwa kubwa gari likingoja, kisha ikapungua injini ikipandishwa hadi mizunguko 2,500, hewa inavuja mahali baada ya sensa. Ikiwa kinyume, nyongeza ndogo wakati wa kungoja na kubwa kadiri mzigo unavyozidi, atazame pampu, filta ya mafuta, au sensa yenyewe. Baada ya hapo hutafuta uvujaji: husikiliza mfyonzo, hubana mpira mmoja mmoja kwa koleo laini aone injini itabadilika sauti, au hupuliza moshi ndani ya njia ya hewa na kutazama unapotokea. Wako wanaonyunyizia dawa ya kuwaka juu ya injini moto ili wasikie ikipanda. Hufanya kazi, na pia huchoma magari. Mama akiliona hilo likifanywa, awaondoe watoto karibu. Na kipimo chochote kinachotaka injini iwake kwa muda kifanywe nje, si ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa gari una sumu isiyo na harufu wala rangi, na imeua watu wakidhani ni usingizi.

Kuhusu mafuta yaliyochanganywa, yapo, na hatuyakanushi. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, makusudi yasiwe rahisi kiasi cha kuwatamanisha wenye kuyachanganya na dizeli na petroli. Lakini kisingizio cha mafuta mabaya kimekuwa shuka la kufunika kila kisichojulikana. Ikiwa gari limeshatumia matangi matatu kutoka vituo mbalimbali na dalili ni ile ile, mafuta yaachwe kando.

Gari likizimia katikati ya mwendo wa pole pole, breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili. Basi usiikanyage na kuiachia kana kwamba unapiga pampu. Ikanyage mara moja kwa kutua. Usukani unaweza kuwa mzito ghafla, nao haujakufa, unataka mikono miwili. Washa taa za tahadhari, tia nyutro, jaribu kuwasha. Gari la gia za otomatiki haliwaki likiwa kwenye gia ya kwenda, na dada wengi wamebabaika kwa hilo wakadhani gari limekufa kabisa.

Turudi kwenye pesa, kwani ndipo nyumba zinapobomokea.

Sisi watu wa pwani tunataka kupimiwa bure. Tunamwambia fundi, tazama kisha uniambie. Fundi akitumia saa mbili kutafuta mpira wa shilingi mia tatu, tunampa shilingi mia tano na kunung'unika kwamba hakufanya kitu. Akitumia dakika tano na kutubadilishia pampu ya maelfu, tunalipa bila neno, kwa kuwa tumeona kitu kipya kimeingia. Kwa mpango huo fundi mwaminifu hulala njaa, na mwenye kukisia hujenga. Maoni yetu ni kwamba pawe na makubaliano mawili yaliyo mbali mbali. La kwanza ni ijara ya kupima: kazi inayojulikana, kwa ujira unaojulikana, unaolipwa hata kama kilichopatikana ni klipu iliyolegea. La pili ni la kutengeneza, na lisianze mpaka la kwanza litoe jibu pamoja na dalili yake. Fundi aulizwe kwa adabu: umejuaje? Akiweza kuonyesha mpira ukifyonza, au tarakimu zikibadilika, hiyo ni bayyina. Akisema tu kwamba magari haya huwa hivi, hiyo ni dhana, na dhana hainunuliwi spea. Spea kuu-kuu irudishwe mkononi mwa mwenye gari, ifungwe kwenye mfuko pamoja na risiti. Dada yetu alikuwa na risiti, hakuwa na spea, ndiyo maana hakuweza kujitetea kwa ukamilifu.

Watu hutuuliza: je, fundi aliyebadilisha kisichohusika anadaiwa? Wanavyuoni wamezungumza juu ya dhamana ya mafundi tangu zama za Maswahaba. Wamaliki wanamdhaminisha fundi kwa mali iliyo mkononi mwake. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wake ni mkono wa amana. Hadhamini mpaka avuke mpaka au afanye uzembe. Na Abu Dawud amepokea katika Sunan yake kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa elimu hiyo, huyo ni mdhamini wa alichoharibu. Hapo hupatikana kipimo. Fundi akisema, mimi sina hakika, nadhani ni plagi, wataka tujaribu? na mwenye gari akaridhia, hiyo ni khiari ya mwenye gari na plagi ni zake. Fundi akikata kwa yakini bila kupima chochote, ameuza neno ambalo hakuwa nalo, na tunaona kurudisha ujira wake ndiko kunakomstahiki. Akijua sicho akakitia, huo ni ghishi, hauna mjadala.

Fundi wa nne wa dada yule hakuwa na gereji kubwa. Aliuliza maswali robo saa kabla ya kufungua boneti. Mpira ulikuwa nyuma ya injini, umepasuka kwenye kona. Ulipobadilishwa, picha ya ule wa zamani ilipelekwa Ghuba kwa simu, na baada ya kimya cha siku nzima mume aliomba radhi mbele ya mama yake mkewe. Tunamwombea heri, kwani si wote waombao.

Limebaki la uuzaji, nalo ni zito. Wako wenye kuchoka na gari la namna hii wakaamua kuliuza. Ikiwa ugonjwa wake ni wa asubuhi, huliwasha saa moja kabla mnunuzi hajafika, likapata joto, likanguruma kwa utulivu kama lisilo na ila. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, alimuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Injini iliyopashwa moto kwa makusudi ni rundo lile lile. Na neno “nauza kama lilivyo” halimwokoi muuzaji na aibu aliyoijua akaificha.

Kwa hiyo mnunuzi, khasa mjane au dada anayenunua kwa akiba ya chama, aweke mkono juu ya boneti kabla ya salamu kuisha. Likiwa na joto, aseme atarudi kesho alfajiri. Likiwashwa baridi, aliache lingoje dakika kumi bila kukanyaga mafuta, kisha awashe kiyoyozi, akate usukani hadi mwisho pande zote mbili, na atie gia ya kwenda hali amekanyaga breki. Akishanunua na aibu ya zamani ikadhihiri, ana khiari ya kulirudisha, lakini kwa madhehebu yetu khiari hiyo ni ya papo hapo: amwarifu muuzaji mara tu anapojua, mbele ya shahidi au kwa ujumbe wa maandishi, na asiendelee kulitumia. Atakayeliendesha wiki mbili kwenda Malindi na kurudi, kisha akadai kurudisha, ameshaitupa haki yake kwa mkono wake.

Wallahu aalam.